Nilinyamaza mbele ya wasaili, na sasa nimeitwa tena

Kwa Mjomba,

Assalaam aleikum. Mimi ni msichana wa miaka 24, mzaliwa wa Langoni, hapa Lamu. Nilimaliza shahada ya sayansi ya kompyuta Mombasa mwaka jana, kisha nikarudi nyumbani kwa sababu kulipia chumba mjini bila ya kuwa na kazi kulinishinda. Tangu nirudi nimemwandikia ami yangu, ambaye ana boti tatu za abiria ziendazo Faza, programu ya kuweka nafasi: abiria huchagua safari, hulipa kwa M-Pesa na kupokea ujumbe wenye namba ya kiti. Inafanya kazi, alhamdulillahi, ingawa ami bado hubeba daftari lake mfukoni.

Miezi miwili iliyopita kampuni moja ya Nairobi ilinihoji kwa njia ya video ili niajiriwe kazi ya kuandika programu. Wasaili walikuwa wawili, wote wakubwa kwangu kwa umri. Walinipa orodha ya namba, wakanitaka niandike msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, wa kutafuta namba mbili ambazo jumla yake ni kiasi fulani. Swali nililielewa na jibu lilikuwa limeanza kuja, lakini nilikaa kimya karibu dakika kumi nikilipanga kichwani, kwa kuwa nimelelewa kutosema mbele ya wakubwa hadi niwe na neno lililokamilika. Mmoja wao aliniuliza kama bado nipo. Hapo nikababaika, mtandao nao ukakatika, na niliporudi waliniaga kwa adabu. Siku mbili baadaye nilipokea barua pepe ya mistari mitatu ikisema kwamba wameendelea na waombaji wengine, bila ya kueleza sababu.

Sasa kampuni nyingine, yenye wafanyakazi Nairobi na London, imeniita. Wamesema kutakuwa na mazungumzo mafupi, kazi ya kufanyia nyumbani, kisha mahojiano ya kuandika msimbo mbele yao. Nitarajie nini? Nikiulizwa nisilolijua, nikiri? Je, inaruhusiwa kutumia akili mnemba kufanya ile kazi ya nyumbani? Wakiuliza mshahara ninaoutaka, niseme nini? Na binamu yangu anayefanya kazi Mombasa amenishauri niwaambie kwamba naishi huko, kwa kuwa, kwa maneno yake, hakuna atakayempa kazi ya kompyuta mtu anayeishi mahali ambapo mizigo hubebwa na punda. Nakuomba ushauri wako.

Mpwa wako, Langoni

*

Waaleikum salaam, mpwa wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilitabasamu, kwa sababu miaka mingi iliyopita nami nilinyamaza vivyo hivyo mbele ya meza ya wasaili, nikiamini kwamba ukimya wangu ulikuwa heshima. Baadaye nilivuka upande wa pili wa meza nikawa mimi ndiye ninayehoji, na ndipo nilipojua ukimya ule ulivyoonekana kutoka huko. Kwa hiyo nitaanzia hapo, kabla ya maswali yako mengine, kwani nadhani hilo ndilo lililokukosesha kazi ile.

Sisi watu wa pwani tumefunzwa kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika baraza ya wazee hilo ni kweli. Lakini msaili anayekutazama kupitia kamera hana njia ya kuusikia mshindo huo. Anachokiona ni uso wa mtu aliyetulia na ukurasa usio na herufi hata moja, na kwake mtu anayefikiri vizuri na mtu asiyejua pa kuanzia hufanana kabisa. Mahojiano ya namna hii hayakuundwa ili kuona kama utalipata jibu tu. Yameundwa ili watu watakaofanya kazi nawe waone jinsi unavyolikabili jambo usilolijua bado, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kila siku. Nimewahi kumpitisha kijana ambaye hakuimaliza programu yake, kwa sababu katika dakika arobaini alinionyesha kila alichokuwa akikifikiri, pamoja na pale alipokosea na namna alivyoligundua kosa lake. Na nimewahi kumkataa aliyeandika jibu sahihi kimyakimya, kisha akashindwa kunieleza kwa nini lilikuwa sahihi.

Najua utaniambia kwamba kusema ovyo mbele ya wakubwa ni kujigamba au ni utovu wa adabu. Nenda Matondoni ukamtazame fundi anayeunda jahazi. Ukimuuliza kwa nini taruma hili amelipinda hivi na lile vingine, hakwambii kwamba yeye ni fundi hodari. Atakuonyesha mkuku, atakueleza mbao zitakavyokaa na maji yatakavyosukuma. Hajajisifu hata kidogo, ila wewe utaondoka ukijua kwamba anaijua kazi yake. Hivyo ndivyo unavyotakiwa kusema.

Tulichukue swali lilelile lililokushinda, tulivalishe nguo za nyumbani. Tuseme wamekupa orodha ya malipo ya nauli yaliyopokelewa kwa siku moja, na wanataka ujue kama kuna malipo mawili yanayofanya jumla ya shilingi 1,000. Usianze kuandika. Kwanza lirudie swali kwa maneno yako, kisha uulize: je, orodha inaweza kuwa tupu? Imepangwa kutoka ndogo hadi kubwa, au imechanganyika? Wanataka jibu la ndiyo au la, au wanataka malipo yenyewe? Maswali haya hayakupotezei muda, maana mara nyingi msaili huliacha swali lake likiwa na mapengo makusudi ili aone kama utayaona. Kisha chukua mfano mdogo wa namba nne au tano, uutatue kwa mkono mbele yao, huku ukisema unachokifanya.

Baada ya hapo taja njia nyepesi kuliko zote, hata kama unajua kwamba si njia bora: kila malipo uyalinganishe na yote yanayoyafuata, kitanzi ndani ya kitanzi, yaani marudio ndani ya marudio. Sema gharama yake wazi. Orodha ikiwa na malipo 1,000, jozi za kulinganisha ni 499,500, na orodha ikiongezeka mara kumi, kazi huongezeka takriban mara mia. Halafu iboreshe: pita kwenye orodha mara moja tu, na kwa kila malipo jiulize ni kiasi gani kinachokosekana ili kufikia 1,000. Kama kiasi hicho umekwisha kukiona na kukihifadhi katika kamusi, ile aina ya data ambayo lugha ya programu ya Python huiita dictionary, umepata jozi yako; kama hujakiona, hifadhi malipo haya uendelee. Sasa hatua ni 1,000 badala ya karibu nusu milioni, na ulichokitoa badala yake ni nafasi kidogo ya kumbukumbu ya kompyuta. Hilo la mwisho usilisahau, kwa sababu wasaili hupenda kusikia unachokitoa na unachokipata.

Kuna mtego hapo. Ikiwa kuna malipo moja tu ya shilingi 500, programu iliyoandikwa kwa haraka itayajumlisha na yenyewe na kudai kwamba imepata jozi. Ukitafuta kwanza kisha ukahifadhi baadaye, mtego huo unaukwepa. Ukihifadhi kwanza, unaingia. Ukimaliza kuandika, pitisha mfano wako mdogo mstari kwa mstari, kisha ujaribu orodha tupu, orodha ya malipo moja, na hiyo 500. Usingoje waulize.

Katika hatua hiyohiyo wanaweza kukupa swali la kuhakikisha kwamba mabano yote katika sentensi yamefungwa, kuondoa majina yaliyorudiwa, au kutafuta kitu katika orodha iliyopangwa kwa kuigawa nusu kwa nusu, njia ambayo hata orodha ya vitu 1,000,000 huimaliza kwa ulinganisho usiozidi 20. Fanya mazoezi ya maswali ya aina hiyo kila siku, mawili au matatu tu, lakini uyafanye kwa sauti. Mama akiuliza unasema na nani, mweleze.

Mazungumzo mafupi ya mwanzo, mara nyingi ya nusu saa, huwa na afisa wa rasilimali watu ambaye pengine haandiki programu kabisa, kwa hiyo mweleze kazi yako kama unavyomweleza ami. Wapo pia wanaochanganya maswali ya msingi hapo au baadaye: ni nini hutokea tangu mtu anapoandika anwani ya tovuti hadi ukurasa unapofunguka, au jibu la seva, yaani kompyuta inayohudumia tovuti, lenye namba 404 lina tofauti gani na lenye 500. La kwanza linasema kwamba kilichotafutwa hakikupatikana, la pili kwamba seva yenyewe imepata hitilafu. Mtu aliyeendesha programu inayotumiwa na watu halisi huyajua haya bila ya kukariri.

Na wewe umeiendesha. Nashangaa kwamba katika barua yako umeitaja programu ya boti kwa mistari michache, kama mtu anayeomba radhi. Mpwa wangu, hiyo ndiyo mali yako. Wahitimu wengi wataonyesha programu za kuandikia orodha ya mambo ya kufanya, ambazo hazijawahi kutumiwa na mtu yeyote. Wewe una abiria wanaosimama gatini na ujumbe wako mkononi. Watakapokuuliza kuhusu kazi uliyowahi kufanya, usieleze vitufe na rangi. Eleza mashaka yaliyokukuta. Watu wawili wakibonyeza kwa wakati mmoja kununua kiti cha mwisho cha boti ya asubuhi, inakuwaje? Ikiwa programu yako huuliza kwanza kama kiti kipo, kisha huandika kwamba kimeuzwa, baina ya hatua hizo mbili mnunuzi wa pili anaweza kupenya, na gatini wakatokea abiria wawili wenye kiti kimoja. Hifadhidata, yaani ghala la data la programu, ina njia ya kuifunga rekodi ya kiti hicho hadi wa kwanza amalize, au ya kukataa kabisa kiti kimoja kuandikwa mara mbili kwa safari moja. Kama hukuwa umelifikiria hilo, lifikirie leo, ulirekebishe, na uwe tayari kusimulia jinsi ulivyoligundua.

M-Pesa nayo, ambayo sisi tumeizoea tangu ianze mwaka 2007 hata tumesahau kwamba ni mfumo wa kompyuta, itakupa mengi ya kusema. Unapotuma ombi la malipo kwenye simu ya abiria, jibu la kwanza unalolipata linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Habari ya kwamba ameweka namba yake ya siri na kulipa, au ameghairi, hurudi kwenye seva yako baadaye. Je, umeme ukikatika na seva isipatikane wakati huo? Je, habari moja ikifika mara mbili? Hapa ndipo mtu aliyefanya kazi hutofautiana na aliyesoma tu: mwenye uzoefu ataeleza kwamba namba ya muamala haikubaliwi mara ya pili, na kwamba malipo ambayo jibu lake halikufika huulizwa upya kabla ya kiti kuachiliwa. Jiandae pia kuulizwa kuhusu majina na namba za simu za abiria, kwa kuwa tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 habari hizo si za kuachwa wazi kwa kila apitaye.

Je, ukiri usilolijua? Kiri, lakini usiishie kwenye kukiri. Sema kwamba jambo hilo hujawahi kulitumia, kisha eleza ungelianzia wapi, au kitu gani unachokijua kinachokaribiana nalo. Msaili mzoefu huendelea kuuliza hadi afike mahali ambapo maarifa yako yanakoma, hata kama wewe ni hodari, kwa sababu anataka kuujua mpaka. Kufika mpakani si kushindwa. Kinachoharibu ni kubuni. Nilimhoji mmoja aliyenieleza kwa ufasaha mkubwa kifaa ambacho hakipo, maana nilikuwa nimelitaja jina kimakosa.

Kuhusu akili mnemba, waulize wao wenyewe kwa maandishi kabla ya kuanza. Zipo kampuni zinazoiruhusu katika kazi ya nyumbani, zipo zinazoikataza kabisa, na zipo zinazotaka uitumie mbele yao ili zione unavyoichunguza kazi yake. Wakiruhusu, tumia na useme ulipotumia. Wakikataza, acha, kwa sababu katika mahojiano yanayofuata watakufungulia kazi uliyoituma na kukwambia ubadilishe sehemu moja hapo hapo, na msimbo usiouelewa utakusaliti. Kazi hiyo ya nyumbani usiifanye kasri. Wakisema saa nne, fanya saa nne, uandike maelezo mafupi ya namna ya kuiwasha, uweke majaribio machache yanayoonyesha kwamba inafanya kazi, na utaje ambayo ungeyaongeza kama ungekuwa na muda zaidi. Ukiona wanakutaka uwajengee bure kitu kamili ambacho wanaweza kukiuza kesho yake, uliza mipaka yake. Na yeyote atakayekudai pesa ili akupe mahojiano au kazi, funga simu.

Mshahara: waulize kwanza wao wametenga kiasi gani kwa nafasi hiyo, kwani kiwango cha aliye Nairobi na cha aliye London hukadiriwa kwa namna tofauti. Wakisisitiza utaje wewe, taja kiwango cha chini na cha juu ambacho hata cha chini chake hutakilalamikia. Hakikisha unajua kama wanazungumzia kabla ya makato au baada yake, kwa maana kuna ushuru wa mapato, akiba ya uzeeni ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba. Uliza pia kama utaajiriwa kwa mkataba wa kazi au utachukuliwa kama mkandarasi anayejilipia ushuru wake, kwani mkandarasi hana likizo ya kulipwa asipoiandikisha katika mkataba.

Nawe uwe na maswali yako. Ni nani atakayeupitia msimbo wangu kabla haujawafikia wateja? Kitu kikiharibika usiku, anaamshwa nani? Mabadiliko niliyoyaandika Jumatatu huwafikia watumiaji lini? Wakianza kutazamana kwa swali la pili, umejifunza kitu.

Saa ziandike kwa namna isiyo na utata. Miezi ya kiangazi chao London iko nyuma yetu kwa saa mbili, na miezi ya baridi kwa saa tatu, na Mswahili akisema saa nne Mwingereza husikia nyingine kabisa, kwa hiyo thibitisha kwa barua pepe kwamba ni saa 10:00 za Nairobi. Wakikupangia wakati unaogongana na sala ya Ijumaa au na jambo la nyumbani usiloweza kuliacha, omba wakati mwingine bila ya kujieleza sana. Hilo ni ombi la kawaida kazini. Siku yenyewe chaji kila kitu usiku wa kuamkia, weka bando katika simu ya laini tofauti na mtandao wa nyumbani, na dakika ya kwanza kabisa uwaambie: mtandao ukikatika, nitarudi kwa simu ndani ya dakika mbili. Ukiwa umesema mapema, kukatika kwa mtandao huwa ni ajali. Usiposema, huonekana kama umekimbia. Ukitaka, chagua chumba cha ndani, maana punda wa jirani hana habari ya mahojiano yako.

Na hapo tumfikie binamu yako. Usiwadanganye. Nakuandikia kutoka Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na hapa, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Kwa hiyo habari ya kwamba pwani hii haifai kwa mitambo mwachie mwenyewe. Zaidi ya hayo, uongo wenyewe hautadumu. Wiki ya kwanza watakutaka ufike ofisini Nairobi kesho asubuhi, na wewe utakuwa unatafuta boti ya kwenda Mokowe, upande wa bara, au ndege ya kisiwa cha Manda. Waambie unaishi Lamu, una laini mbili za mtandao, na unaendesha programu inayotumiwa na abiria halisi mahali ambapo umeme hukatika. Kisha uwaulize kama kuna siku za kufika ofisini, ni ngapi kwa mwezi, na nauli ya safari hizo inalipwa na nani.

Usiku wa leo mketishe ami barazani, umweleze kwa sauti jinsi kiti cha mwisho kinavyolindwa kisiuzwe mara mbili. Akikukatiza akuulize swali, lijibu. Ukijikuta umenyamaza zaidi ya nusu dakika, sema unachokitafuta.

Mjomba